Kabla kijana hajashika shotigani

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza kijana wako hapo Sikonge aanze na nini wakati anasubiri leseni ya shotigani. Aanze kwa kutazama. Bunduki ibaki mikononi mwako, maana kumkabidhi asiye na leseni ni kosa.

Mwonyeshe unavyoifungua shotigani ya mitutu miwili kwenye bawaba, mdomo ukielekea chini, kisha kagua vyumba vyote viwili vya risasi kwa macho na kidole. Wengi hutoa risasi moja wakasahau mtutu wa pili. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka aone shabaha na kilicho nyuma yake. Hata marisau madogo, yaani vile vigololi vilivyo ndani ya risasi ya shotigani, huweza kuruka zaidi ya mita 200.

Hili wengi hawalijui: geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na ya 20 ni nyembamba kuliko ya 12, hivyo risasi ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele. Ukipakia ya 12 nyuma yake ukafyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono. Ndiyo maana za geji 20 huwa za njano. Zisikae mfuko mmoja kamwe! Udongo kwenye mdomo wa mtutu nao huupasua, kwa hiyo akianguka porini atoe risasi kwanza, ndipo achungulie mtutu kutokea nyuma.

Nyumbani, bunduki na risasi zifungiwe mahali tofauti, tafadhali.