Kompyuta Inajizima Ovyo? Anza na Daftari Kabla Hujamlipa Fundi

Kwa wiki sita kompyuta yangu ya mezani ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe, bila onyo. Mimi nahariri video za harusi nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Mtu akinikabidhi picha za ndoa ya binti yake, amenikabidhi kitu ambacho hakipigwi mara ya pili. Kwa hiyo ile mashine ilipozima nikiwa nimebakiza dakika kumi kumaliza kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, yenye urefu wa saa tatu, sikulala usiku ule.

Fundi wa kwanza alisema, "Dada, hiyo ni Windows tu imechoka, ngoja nikupigie mpya." Nikalipa. Siku mbili shwari, ya tatu ikazima. Akarudi na maelezo mengine, kwamba Windows 10 imeachwa na Microsoft. Ni kweli kwamba huduma ya kawaida kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kukoma huko kunahusu masasisho. Hakuizimi kompyuta iliyo katikati ya kazi. Nikakubali ipigwe 11 hata hivyo, na jioni ile ile ikazima. Tukaibeba hadi kwenye meza yake ofisini, ikafanya kazi kutwa nzima bila kukohoa. Hukumu ya mwisho ikawa: mazabodi imekufa, nunua mashine nyingine.

Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mwanzo. Mazabodi iliyokufa inafufukaje ikifika kwa fundi?

Nikanunua daftari. Kila ilipozima niliandika tarehe, saa, nilichokuwa nafanya, namna ilivyozima, na kitu kingine chochote kilichokuwa kinaendelea pale nyumbani. Nakuomba usiiruke hiyo safu ya mwisho, maana ndiyo iliyoniokolea pesa. Ndani ya wiki mbili nilikuwa na matukio kumi na moja, na saba yaliangukia Jumanne na Ijumaa jioni. Kwetu hizo ndizo siku maji yanatoka. Tuko wapangaji wanne, simtank liko juu ya mnara, na uani kuna pampu ya kuyapandisha maji. Maji yakifika tu, pampu inawashwa, yetu na za majirani wote.

Mota ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi sana kwa muda mfupi, mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Volti zinashuka nyumba nzima. Taa inafifia kwa kufumba na kufumbua, feni ya dari haisimami, redio haikatiki, kwa hiyo hakuna anayesema umeme umekatika. Kompyuta ndiyo inayoona. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ikiwa nzima imeundwa kuvumilia umeme ukikosekana kwa kiasi cha milisekunde 16 hivi, ambazo hazifiki hata mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Ikishazeeka na kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji, zikakauka, hata huo uvumilivu mdogo unaisha. Nami wakati wa kurenda ndipo naikamua kuliko wakati wowote.

Daftari lilinifundisha jambo jingine. Matukio yangu yalikuwa ya aina mbili, na mimi nilikuwa nayachanganya. Saba yalikuwa ya kimya: skrini nyeusi ghafla, kisha mashine inawaka upya. Manne yalikuwa na skrini ya bluu kwanza, ile ambayo Windows huonyesha ikipata hitilafu. Ukitaka kuzitofautisha vizuri, zuia Windows isijiwashe upya haraka ikipata hitilafu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda sehemu ya Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Baada ya hapo skrini ya bluu itabaki ikikusubiri uipige picha kwa simu. Ikizima kimya hata baada ya hapo, anza kushuku umeme au joto.

Windows nayo ina daftari lake. Bonyeza tena Windows na R, andika perfmon /rel, utaona kalenda yenye alama nyekundu kwenye siku za matatizo. Mimi niliiweka kando ya daftari langu, zikafanana. Ukiingia Event Viewer, orodha ya matukio ambayo Windows huyaandika, utakutana na Kernel-Power namba 41, na wengi wanaposoma neno Power wanakimbilia kununua pawa saplai. Tulia kwanza. Namba 41 inasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake utafute BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote: umeme umepotea, au mashine iliganda ikazimwa kwa kitufe. Ikiwa namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu. Yangu saba za siku za maji zote zilikuwa 0.

Nikamwita fundi umeme badala ya fundi kompyuta. Alichomeka multimita kwenye soketi yangu mchana, ikasoma volti 221. Tukasubiri Jumanne jioni ikasoma 196, na pampu ilipowashwa namba ikaruka chini ya 180 kisha ikapanda. Kiwango chetu ni 230. Alipofuatilia wayaringi akakuta pampu na chumba changu viko njia moja, tena kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5. Mama mwenye nyumba alielewa haraka, kwa sababu friji lake nalo lilikuwa linasumbua siku zile zile. Tukachanga, pampu ikavutiwa njia yake kutoka kwenye bodi kwa waya wa 2.5.

Bado nilitaka kujua hali ya pawa saplai, nikaazima ya jirani kwa siku nne. Ningejua mapema kwamba ya kwangu imechoka kama ningechungulia kwenye matundu yake kwa tochi: kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Chungulia kwa nje tu. Usiifungue, kwa sababu hata ikichomolewa inaweza kubaki na chaji ya zaidi ya volti 300 ndani yake, na hiyo inaua. Ikivimba, badilisha nzima. Na usinunue kwa kuangalia namba kubwa ya wati iliyobandikwa ubavuni. Uliza ina wati ngapi kwenye njia ya volti 12, maana prosesa na kadi ya picha hula hapo.

Kisha nikanunua UPS, kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukiyumba. Chagua yenye AVR, ile inayoinua volti zikishuka bila kukimbilia betri, vinginevyo kwa umeme wa jioni zetu betri itachoka mapema. Angalia pia wati, siyo VA pekee. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hivi. Kompyuta na skrini vinatosha hapo. Pasi na printa ya leza visiguse kabisa. Betri yake haipendi joto, kwa hiyo usiifiche nyuma ya kabati.

Zilibaki skrini nne za bluu, ambazo hazikufuata siku za maji. Nilikuwa na picha zake: moja iliandika MEMORY_MANAGEMENT, nyingine IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na ya nne ikarudia ile ya kwanza. Kwa uzoefu wangu, ikitaja kosa lile lile kila mara pamoja na faili lile lile linaloishia na .sys, anza na draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa fulani cha kompyuta. Makosa yakibadilika badilika hivi, anza na RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Niliweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu.

Nilikuwa na RAM mbili za GB 8. Zote mbili zikiwa ndani huwezi kujua mbovu ni ipi, kwa hiyo pima moja moja, na uipime kwenye tundu lile lile ili usije ukalaumu RAM kumbe tundu ndilo bovu. Kabla ya kuitupa, chomoa kompyuta ukutani, shika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini, kisha sugua meno ya RAM taratibu kwa kifutio cheupe na upanguse vumbi lake. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na meno hayo hushika utando usiouona. Moja yangu ilipona kwa kifutio tu. Ya pili iliendelea kutoa makosa, nikanunua nyingine badala yake.

Joto nililiangalia pia, kwa programu ya HWiNFO, wakati wa kurenda. Ikiwa mashine yako inazima baada ya dakika ishirini za kazi nzito na prosesa inakaribia nyuzi 100, piga blowa nje ya nyumba ukiwa umezuia feni kwa kidole isizunguke, na ubadilishe pesti iliyo kati ya prosesa na kipoozeo chake. Diski ikichakaa huonyesha zaidi kwa kuganda na kusuasua. Programu ya CrystalDiskInfo itakwambia kwa dakika moja, na ikiandika Caution nakili kazi zako leo leo. Betri ndogo ya CR2032 ni ya saa na mipangilio. Kama saa yako inarudi nyuma kila ukizima ukutani, ibadilishe, lakini usiilaumu kwa kompyuta inayojizima ikiwa inafanya kazi.

Badilisha kitu kimoja tu, halafu subiri. Mimi niliacha siku nne kati ya kila badiliko, nikihakikisha Jumanne au Ijumaa moja imo ndani yake, na yote nikayaandika. Fundi niliyemrudia mwishoni nilimpa daftari kabla ya kompyuta. Akalisoma akiwa amesimama, akaniuliza maswali mawili, akakubali kuja nyumbani jioni ya maji badala ya kuibeba mashine.

Ijumaa iliyopita nilikuwa narenda harusi ya Kigamboni. Saa moja na nusu pampu ikawashwa, UPS ikatoa mlio mmoja mdogo, na video ikaendelea kutoka asilimia 64.