Majibu kwa Wasomaji: Wafalme, Malkia na Vyeo vyao katika Hadithi za Kubuni za Watoto

Katika toleo lililopita tuliwaomba wazazi na walimu watuletee maswali kuhusu vitabu vya kubuni wanavyosoma watoto wao. Barua kadhaa zilihusu jambo moja, yaani watawala wa nchi hizo za kufikirika na vyeo wanavyopewa. Tumechagua tano. Hatukuziona kuwa maswali madogo, kwa sababu mtoto anayeuliza mfalme alipewa ufalme na nani ameanza kusoma kwa makini.

Mwalimu wa shule ya msingi, Dodoma: *Darasani tunasoma hadithi za Narnia za C. S. Lewis. Wanafunzi wanabishana: inawezekanaje nchi moja iwe na wafalme wawili na malkia wawili kwa wakati mmoja? Baadhi wanasema Susan na Lucy ni malkia kwa sababu tu ni dada zake mfalme, wengine wanakataa. Tena kwa nini Peter peke yake anaitwa Mfalme Mkuu?*

Wanaokataa wako sahihi, Mwalimu. Katika kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 1950, unabii unasema kwamba utawala wa Jadis, Mchawi Mweupe, utakoma pale wana wawili wa Adamu na mabinti wawili wa Hawa watakapokalia viti vinne vya enzi katika ngome ya Cair Paravel. Viti ni vinne na kila kimoja kina mwenyewe. Aslan, simba mwenye enzi juu ya Narnia, anawavika taji ndugu wote wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wala hakuna anayelipata taji lake kupitia kwa mwenzake. Wasomaji wetu wa Uganda wanamjua Lubuga, dada anayesimikwa pamoja na Kabaka wa Buganda. Cheo chake kina heshima kubwa, lakini kinafungamana na kile cha kaka yake. Susan na Lucy ni malkia kwa haki yao wenyewe.

Waonyeshe wanafunzi wako kitabu cha mwaka 1954, ambamo mgawanyo huo wa madaraka unaonekana kwa vitendo. Peter yuko mbali kaskazini akipigana na majitu. Edmund na Susan, wakiwa ugenini katika mji wa Tashbaan, nchini Calormen, wanakata shauri la kutoroka kwa merikebu bila kungoja idhini ya Mfalme Mkuu. Baadaye Edmund anaongoza jeshi kwenda kuiokoa Anvard, ngome ya nchi jirani ya Archenland, na Malkia Lucy, aliye mdogo kuliko wote, yumo vitani pamoja na wapiga mishale, ilhali Susan amebaki nyumbani.

Kuhusu Mfalme Mkuu, cheo hicho C. S. Lewis hakukibuni. Yeye alizaliwa Belfast mwaka 1898, na historia ya Ireland inawajua wafalme wakuu walionasibishwa na kilima cha Tara, ambao walikuwa juu ya wafalme wa majimbo bila kuwavua mataji yao. Mashuhuri kati yao ni Brian Boru, aliyeuawa siku ya vita vya Clontarf mwaka 1014. Hivyo ndivyo alivyo Peter: wa kwanza miongoni mwa wafalme, si mwajiri wao. Na yeye mwenyewe yuko chini ya Aslan, ambaye ni mwana wa Mfalme wa Wafalme aliye ng'ambo ya bahari.

Mzazi, Nairobi: *Mwanangu anasoma kitabu cha Mwanamfalme Caspian. Kwa nini Miraz aliitwa kwanza Bwana Mlinzi, badala ya kujiita mfalme moja kwa moja baada ya kumuua kaka yake?*

Swali hili limetufurahisha kuliko yote, kwa sababu linagusa namna mtu anavyonyakua nchi hatua kwa hatua. Mlinzi ni mtu anayeshika madaraka kwa niaba ya mwenyewe ambaye bado ni mtoto. Miraz alianza na cheo hicho kwa kuwa hakuna ambaye angekikataa: Caspian alikuwa mdogo, na ami yake alionekana kufaa kumlea. Kisha mabwana waliokuwa marafiki wa marehemu mfalme wakaanza kupungua. Wawili walipigwa mishale mawindoni, ikasemekana ni bahati mbaya. Wengine walinyongwa kwa kusingiziwa uhaini. Saba walipelekwa kuvumbua bahari ya mashariki, na hawakurudi. Alipokuwa hajabaki wa kumsemea mtoto, wapambe wake, kama alivyokwisha kuwafundisha, wakamsihi akubali kuwa mfalme. Naye akakubali.

Uingereza yenyewe iliyaona hayo. Mwaka 1483 Richard, mtawala wa Gloucester, alifanywa Mlinzi wa mpwa wake Edward wa Tano, mvulana wa miaka 12, na haikupita miezi mingi akavikwa taji yeye mwenyewe. Mvulana huyo na mdogo wake walifungiwa katika ngome ya Tower jijini London, na baada ya mwaka huo hawakuonekana tena. Cheo hicho hicho alikitumia Oliver Cromwell kuanzia mwaka 1653, ingawa yeye, alipopewa taji mwaka 1657, alilikataa.

Mwombe mwanao arudie ile barua ambayo Peter anamtumia Miraz kumwita kwenye pambano la watu wawili. Anaanza kwa kutaja misingi ya ufalme wake: kipawa cha Aslan, uteuzi, desturi ya siku nyingi, na ushindi. Ndipo anapofika kwa mpinzani wake, naye anamtaja kama mwana wa Caspian wa Nane, aliyewahi kuwa Bwana Mlinzi na ambaye sasa anajiita mfalme. Mashtaka yote ya kitabu yamo katika neno hilo la kujiita. Nasi tunaona ni jambo la maana sana kwamba Peter, mwenye misingi minne ya kudai kiti, anamwambia Caspian waziwazi kwamba hakuja kukichukua bali kumkalisha yeye.

Msomaji, Muscat: *Sisi tuna asili ya Zanzibar. Binti yangu ana miaka 11 na ameniuliza kwa nini mtawala wa watu wenye vilemba katika Narnia ndiye dhalimu. Nimjibuje?*

Mjibu kwamba ameona vyema. Tisroc, yaani mtawala wa Calormen, amechorwa kwa rangi ambazo wasomaji wa Ulaya walizizoea kutoka katika hadithi za mashariki: kila anayemtaja lazima amwombee aishi milele, na anamruhusu mwanawe Rabadash kuvamia kwa siri na wapanda farasi 200, akiwa tayari kumkana wakishindwa, kwani ana wana wengine 18. Tunauona huo kuwa udhaifu wa kitabu, na hatuoni sababu ya kumficha mtoto.

Hata hivyo, usimwachie hapo. Jadis na Miraz, wanyang'anyi wakubwa wa ufalme, si watu wa Calormen. Aravis, binti wa ukoo wa kikabaila wa nchi hiyo, anakimbia ndoa ya kulazimishwa na hatimaye anakuwa malkia wa Archenland. Na mwandishi ametumia vyeo kwa ustadi mwishoni: Rabadash anapokuwa Tisroc hathubutu kutoka mbali na hekalu asije akageuka punda tena, kama alivyogeuzwa na Aslan, hivyo anatawala bila vita, mbele yake watu wanamwita Mleta Amani, naye akigeuza kisogo wanamwita jina la dhihaka. Binti yako atakapokuwa mkubwa kidogo, mpe kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, zilizochapwa mwaka 1886. Humo atayaona maisha ya jumba la Mtoni yakisimuliwa na aliyezaliwa ndani yake.

Mama wa watoto wawili, Mombasa: *Ozma anatawala nchi nzima ya Oz. Kwa nini basi anaitwa Binti Mfalme badala ya Malkia?*

L. Frank Baum, aliyeandika vitabu 14 vya Oz, alimleta Ozma mwaka 1904 kama binti wa Pastoria, mfalme wa zamani, na cheo cha ubinti mfalme kilimkaa hata alipopata enzi. Hakuna ajabu katika hilo, kwani Monaco na Liechtenstein mpaka leo hutawaliwa na watu wenye cheo cha mwanamfalme. La kuwaonyesha watoto ni kwamba Mtema Kuni wa Bati ana cheo cha Mfalme wa Wafalme wa Winkie, watu wa sehemu moja ya Oz, ilhali yuko chini ya Ozma. Ukubwa wa jina na ukubwa wa mamlaka havikwenda pamoja.

Kijana mwandishi, Bagamoyo: *Ninaandika hadithi ya msichana anayekuja kutawala dola la kisiwani. Je, ni lazima awe na damu ya kifalme? Na nimpe cheo gani?*

Damu si lazima. Mfalme wa kwanza wa Narnia, katika kitabu cha mwaka 1955, ni Frank, mwendesha gari la farasi wa London, na malkia ni mkewe Helen, ambaye analetwa moja kwa moja kutoka kwenye kufua nguo, mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Frank anasema hana elimu ya kutosha kwa kazi hiyo. Aslan hamuulizi ukoo wake. Anamuuliza kama anaweza kutumia jembe na kupata chakula ardhini, kama atawatawala viumbe wale akikumbuka kuwa si watumwa, kama atajiepusha na upendeleo, na kama vitani atakuwa wa kwanza kushambulia na wa mwisho kurudi nyuma. Muulize msichana wako maswali kama hayo kabla hujamvika chochote.

Kuhusu cheo, usikimbilie taji na ngome za mawe za Ulaya. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, mwenye jumba Dunga, ambaye ukoo wake uliendelea kuheshimiwa kando ya masultani hadi wa mwisho alipofariki mwaka 1873; na mwishoni mwa karne ya 17 kisiwa hicho kilitawaliwa na mwanamke, Malkia Fatuma. Alama za enzi katika pwani yetu zilikuwa ngoma na siwa, ile pembe ndefu inayopulizwa kwa ubavuni. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Amua katika dola lako siwa inakaa kwa nani, nani ana ruhusa ya kuipuliza, na wazee wakikataa isipulizwe msichana wako atafanya nini. Ukipata majibu hayo, tutumie sura tatu za mwanzo, tutazisoma.