Kununua bunduki ya gumegume: anza na mtambo

Ndugu yetu wa Kisumu ameandika kwamba amepata kazi Pennsylvania, Marekani, na tangu aone watu wa huko wakilenga shabaha kwa bunduki za gumegume, zile za kushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, hamu imemshika. Anauliza anunue bunduki ya kaliba gani, yaani upana gani wa ndani ya mtutu, na kama siku moja ataweza kurudi nayo nyumbani. Waliotangulia kumjibu wamebishana juu ya kaliba tu. Mimi nilifanya kazi ya uuguzi Lancaster, katika jimbo hilohilo, kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi hapa Nakuru, na mchezo huu niliujifunzia huko. Niruhusuni nijibu kwa kirefu.

Omera, kaliba iache kwanza. Tazama mtambo, yaani kile kifaa cha ubavuni kinachopiga cheche.

Bunduki hii haina risasi ya ganda kama za siku hizi. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyobana jiwe la gumegume kwenye taya zake inaruka mbele, jiwe linakwaruza bamba la chuma lililosimama mbele yake, na vipande vidogo mno vya chuma vinavyokwanguka vinawaka vikikutana na hewa. Hizo ndizo cheche. Zinaangukia kibakuli chenye baruti kidogo, ile baruti inawaka, na moto wake unapenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani. Mambo yakienda sawa, yote hayo yanaisha kufumba na kufumbua. Mtambo ukiwa hafifu utasikia mlio wa jiwe, utaona moshi kibakulini, na risasi itabaki pale pale ilipo. Mtutu uwe mzuri namna gani, hautakufaa kitu. Ndiyo maana naudhika nikiona mgeni anauziwa bunduki yenye nakshi za shaba kila mahali, halafu mtambo wake ni wa bei rahisi.

Namna ya kuukagua ni hii. Kwanza hakikisha bunduki ni tupu. Chukua mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, uutumbukize hadi mwisho, ushike kwa kidole pale unapotokeza mdomoni, kisha uulaze nje sambamba na mtutu. Ncha yake ikifika karibu na usawa wa tundu la moto, ndani hamna kitu. Ikiishia mbali, kuna mzigo mle ndani, nawe irudishe kwa mwenyewe. Baada ya hapo muombe muuzaji apige cheche bila baruti, mahali penye kivuli. Cheche nzuri ni nyeupe au za manjano, ni nyingi, na zinaendelea kuwaka hata baada ya kuanguka kibakulini. Zikiwa nyekundu, chache, na zinazimika njiani, mara nyingi chuma cha lile bamba hakikuchovywa vizuri ili kiwe kigumu kilipofuliwa. Angalia pia kama jiwe linaligusa bamba kwa upana wake wote, si kwa pembe moja. Mwisho, simamisha nyundo nusu na uvute kifyatulio: nyundo isianguke. Ikianguka, hiyo si bunduki ya kununua.

Tundu la moto nalo lina maneno yake. Liwe na kipenyo cha kama milimita 1.6, nalo likae usawa wa ukingo wa juu wa kibakuli, si chini kabisa. Likikaa chini, baruti ya kibakulini italiziba, na moto utalazimika kula baruti hiyo chembe kwa chembe kama utambi kabla ya kuingia ndani. Utaisikia: inachelewa.

Baada ya mtambo, tazama kitako. Umbali kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako kwa bunduki nyingi ni kama sentimita 34, na mtu mfupi au mwenye mikono mirefu atahitaji tofauti. Fumba macho, ipandishe begani kama unayetaka kupiga, kisha ufumbue. Kama alama za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zimejipanga zenyewe mbele ya jicho lako, hiyo imekukaa. Kama inabidi ukunje shingo kuzitafuta, itakuchosha. Na ujue kwamba vile vitako vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyopendwa katika karne ya 19, vinawekwa juu ya mkono karibu na bega, si kwenye bega lenyewe. Ukivikandamiza begani, zile ncha zitakuumiza.

Utaona mitutu mirefu sana huko, ya sentimita 107 hivi. Ni urithi wa mafundi wenye asili ya Kijerumani waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18. Bunduki za kwao zilikuwa fupi na nene, na pale Lancaster na vijiji vya jirani wakazirefusha na kuzipunguzia kaliba mpaka zikawa aina ya pekee. Usiogope urefu huo. Mtutu mrefu unatulia ukisimama bila kuegemea kitu, hasa ule uliochongwa mnene kwenye ncha mbili na mwembamba katikati, kwa kuwa uzito wake haukuvuti mbele. Kama unapenda kazi ya mikono, nunua vipande ujiungie mwenyewe. Kibler, mtengenezaji wa bunduki hizi wa Ohio, anatoa vipande vilivyokatwa kwa mashine na vinavyoingiana vizuri. Ukitaka iliyo tayari, kampuni ya Pedersoli ya Italia ni jina linalojulikana.

Haya, kaliba. Kwa shabaha za karatasi, .40 au .45 ya inchi inatosha na haipigi bega. Ndogo za .32 na .36 ni za kuchakuro, na za .54 kwenda juu ni za wanyama wakubwa. Wewe chukua .50, kwa sababu moja tu: gololi zake za risasi na vitambaa vya kuzifungia utavipata kwa urahisi kuliko vya kaliba nyingine. Uliza pia mifereji ya ndani ya mtutu inajizungusha kwa kiasi gani. Kwa gololi ya mviringo unataka mzunguko wa polepole, mmoja katika inchi 48 hadi 66 au zaidi. Mzunguko mkali wa inchi 28 ni wa risasi ndefu.

Sasa upande wa baruti, na hapa naomba usome kwa makini. Tumia baruti nyeusi halisi, ile ya shura, mkaa na kiberiti (salfa). Baruti ya kisasa isiyo na moshi itapasua mtutu na kukuua au kumuua aliye karibu nawe. Zile baruti mbadala zinazouzwa kwa ajili ya magobore ya fataki, yaani yanayowashwa kwa kifuniko kidogo cha kulipuka badala ya jiwe, zinahitaji joto zaidi ili kuwaka, kwa hiyo kwenye gumegume hukasirisha tu. Usimimine baruti kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti moja kwa moja hadi mtutuni, maana cheche iliyobaki ndani ikiidaka, pembe nzima inalipuka mkononi mwako. Mimina kwanza kwenye kipimo, kisha kutoka kwenye kipimo uingize mtutuni. Kwa .50 anza na greni 50, kama gramu 3.2, ukiongeza greni tano tano mpaka uone matundu yanakusanyana kwenye karatasi. Yakishakusanyana, simama hapo. Kishindo zaidi hakikuongezei shabaha.

Gololi inafungwa kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na inashindiliwa mpaka ikalie baruti kabisa. Nafasi ikibaki kati ya gololi na baruti, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Weka alama kwenye mdeki inayoonyesha unapoishia bunduki ikiwa imejazwa, na uitazame kila mara.

Vile vitambaa ndivyo vilivyonifundisha mengi kuliko mtu yeyote. Baada ya kupiga, tembea mbele mita chache, pale uwanja ukiwa umefungwa na wote wameweka silaha chini, uviokote kwenye nyasi. Kilicho kizima, chenye duara jeusi katikati na kingo zilizochanuka sawasawa, kinakwambia kila kitu kiko vizuri. Kilichotoboka katikati kwa kuungua kinasema kitambaa ni chembamba mno au mafuta hayatoshi. Chenye mikato iliyonyooka, kama kilichochanwa kwa wembe kufuata mifereji, kinasema mdomo wa mtutu au mifereji yenyewe ina makali. Bunduki yangu ilipokuwa mpya ilinitolea vya mikato. Fundi mmoja mstaafu, jirani yangu, akasugua mdomo wa mtutu kwa msasa laini uliozungushiwa kidole gumba, akizungusha taratibu, na vitambaa vikaanza kutoka vizima. Matundu kwenye karatasi, yaliyokuwa yametapakaa, yakakaribiana bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Mzee huyohuyo hakuniruhusu kutia gololi mpaka nijue kusimama. Kati ya moto wa kibakulini na mshindo wa ndani kuna nafasi, ndogo lakini ipo, na katika nafasi hiyo jicho linaona mwako na mwili unataka kujikunja. Wengi wanalaumu mtutu kumbe wameshatikisika kabla risasi haijatoka. Dawa yake ni kipande cha mbao kilichochongwa kwa umbo la gumegume. Kibane kwenye taya, lenga, vuta, na uendelee kulenga baada ya nyundo kuanguka, mpaka iwe desturi. Halafu piga kwa baruti ya kibakulini peke yake, mtutu ukiwa mtupu, mpaka ule mwako usikushtue tena. Vaa miwani. Usimruhusu mtu asimame upande wako wa kulia, kwa kuwa tundu linatema moto na gesi upande huo. Kama unatumia mkono wa kushoto, tafuta mtambo wa kushoto; ipo mitambo ya namna hiyo. Na bunduki ikikataa kulipuka, iache ikielekea shabaha kwa dakika nzima au zaidi kabla ya kuigusa.

Mwenzetu wa Gilgil aliuliza kama lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lililojaa Kariandusi karibu na kwake, linaweza kutumika badala ya gumegume. Swali zuri, kwa sababu watu wa kale walichonga mashoka yao hapo kwa jiwe hilohilo, yale ambayo mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kuyafukua mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini halifai. Ni kioo cha volkano, nacho ni laini kuliko chuma kilichochovywa, kwa hiyo linavunjika kabla ya kukikwangua. Linakata nyama vizuri, cheche halitoi. Gumegume ni gumu zaidi. Linalosifiwa sana ni jeusi la Brandon, Uingereza, na lile la Ufaransa lenye rangi ya asali. Lifunge kwa kipande cha ngozi kabla ya kulibana kwenye taya, vinginevyo litateleza au kupasuka.

Kusafisha ni siku ileile, hata ukirudi umechoka. Masalia ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na majira ya joto ya Pennsylvania yana unyevu mwingi tu, kama Kisumu kabla ya mvua. Maji ya moto na sabuni, vitambaa mpaka vitoke safi, kausha, paka mafuta. Mtambo nao utoe na uusafishe.

Kisheria, kule Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 haizihesabu bunduki za gumegume, hata zile mpya zilizotengenezwa kwa mtindo wa kale, pamoja na silaha za kawaida. Lakini majimbo yana sheria zao, na wewe utakuwa mgeni, kwa hiyo ulizia kwanza kabla ya kulipa senti. Pennsylvania ina hata msimu wa kulungu wa bunduki za gumegume, ulioanza mwaka 1974 na unaokuja baada ya Krismasi. Unahitaji leseni ya uwindaji, na ni baridi ya kutisha.

Kurudi nayo Kenya ni habari nyingine. Usiiweke kwenye sanduku ukidhani ni pambo la kale. Silaha hapa zinasimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na wa kuulizwa ni Bodi ya Leseni za Silaha, kwa maandishi, kabla hujaisafirisha. Baruti ni kilipuzi, ina sheria yake, Sura ya 115, na kwenye ndege ya abiria haipandi kabisa. Uwindaji wa michezo nao ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hata ukipata kibali, ni shabaha tu. Yangu niliiacha kwa mwenzangu tuliyekuwa tukilenga naye, nami huipiga nikienda kumtembelea dada yangu.

Ukishajua kaunti utakayoishi, iandike hapa nikuelekeze jinsi ya kupata klabu iliyo karibu. Na kabla hujaondoka, kunja mkono wako wa kulia, mtu akupimie kutoka ndani ya kiwiko hadi kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Weka kipimo hicho hapa kwa sentimita, tukisie urefu wa kitako chako.