Betri ya pili kwenye gari la kulala porini

Ndugu, umeuliza kama swichi ya mkono inatosha kuunganisha betri ya pili kwenye Land Cruiser yako, maana friji ilimaliza chaji usiku na asubuhi gari likagoma kuwaka. Inafanya kazi, ila siku utakayosahau kuizima, friji itanyonya betri zote mbili. Afadhali rilei inayosoma volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe: huziunganisha betri pale alteneta (jenereta ya injini) inapofikisha kama volti 13.3, na kuzitenganisha volti zikishuka karibu 12.8.

Hiyo ni kwa betri za asidi. Ukinunua ya lithiamu, achana na rilei, weka chaja ya DC-DC, kifaa kinachopima umeme unaotoka kwenye alteneta kwenda betri ya pili. Lithiamu hupokea umeme kwa pupa, na alteneta inaweza kupata joto hadi ikaungua.

Ninalokusihi zaidi ni fyuzi. Weka mbili kwenye waya mnene wa chanya, moja karibu na kila betri. Waya huo una umeme kutoka pande zote. Ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi moja haitazuia moto. Mafundi wengi huweka moja tu, simama hapo uwaangalie.

Ukipiga kambi siku kadhaa bila kuendesha, ongeza paneli ya sola pamoja na kidhibiti chaji chake.