Kabla hujapakua programu ya kanzidata, jiulize umeme ukikatika itakuwaje

Niliwahi kumwekea shangazi yangu kanzidata, yaani hifadhi ya kumbukumbu zilizopangwa kwa majedwali kwenye kompyuta, dukani kwake Iringa. Anauza vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari ya kupima. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, basi nikasakinisha seva ya kanzidata (programu inayotakiwa kuwaka muda wote ili kuhudumia data) ileile tuliyofundishwa darasani, kwenye kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4. Wiki ya tatu umeme ukakatika mchana. Uliporudi, seva ikagoma kuwaka, dirisha lake limejaa maandishi mekundu. Shangazi akanipigia. Sikumaliza hata kusema shikamoo. "Mwanangu, hili dude lako linasemaje?" Mimi niko Dodoma, na kaunta kuna wateja wawili wanataka kujua wanadaiwa shilingi ngapi. Akavuta daftari lake la zamani, kazi ikaendelea.

Kosa lilikuwa langu. Sikujiuliza mashine ile inaishi maisha gani: haina UPS (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), anaitumia mtu mmoja, na fundi wake yuko mkoa mwingine.

Wengi wetu tukisema tunatafuta programu ya kanzidata, tunachanganya vitu viwili. Kuna injini, ndiyo inayotunza data kwenye diski, na kuna dirisha, yaani programu ya kuzifungulia, kuzitazama na kuzirekebisha. MySQL, PostgreSQL na SQLite ni injini. DBeaver, HeidiSQL, pgAdmin na DB Browser for SQLite ni madirisha. Microsoft Access imefungasha vyote pamoja. Ushauri wangu ni kuanza na injini. Dirisha ukilichoka unaliondoa jioni hiihii na kuweka jingine, data zako hazijaguswa. Injini ukiikosea, utahamisha kila kitu.

Kwa duka la shangazi jibu lilikuwa SQLite. Haina seva ya kuwasha wala nywila ya kusahau. Kanzidata nzima ni faili moja. Aliianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, na haidai leseni wala malipo. Usidhani ni kitu cha kuchezea: kama unatumia Android, majina ya watu kwenye simu yako yamo humo, na meseji zako za WhatsApp pia.

Kilichonivutia zaidi ni namna inavyokabili giza. Kabla ya kubadilisha kitu ndani ya faili, kwa mpangilio wake wa kawaida huandika kwanza pembeni hali ilivyokuwa. Umeme ukikatika katikati, ukifungua tena inasoma yale maandishi ya pembeni na kurudisha mambo yalivyokuwa kabla. Ankara iliyokuwa imeingia nusu haionekani kabisa. Zilizohifadhiwa jana zipo zote.

Dirisha nililomwekea ni DB Browser for SQLite. Ni jepesi, linafunguka upesi hata kwenye mashine ya zamani, na jedwali linaonekana kama karatasi ya Excel. Lina tabia moja ya kumfundisha mtu siku ya kwanza: unachoandika hakiingii kwenye faili mpaka ubonyeze kitufe cha kuhifadhi mabadiliko, au Ctrl na S. Sikulisisitiza hilo, na shangazi akapoteza mauzo ya asubuhi nzima. Sasa kuna kipande cha karatasi kimegundishwa juu ya skrini: "HIFADHI KILA MTEJA". DBeaver kwa kawaida yake iko kinyume: amri ya kufuta ukishaituma, imekwenda. Naipenda kwa kazi zangu kwa sababu inafungua karibu kila injini, ila ni nzito kwa GB 4, na mtu anayetaka kuona madeni tu hahitaji menyu zote zile.

Access nayo siibezi. Kwa kutengeneza fomu za kujazia, mtu asiyejua SQL, lugha ya kuiamrisha kanzidata, atafika mbali haraka kuliko kwa chochote nilichokitaja. Lakini ni ya Windows tu, ni ya kulipia, na faili lake likifika GB 2 ndiyo mwisho. Ukipewa nakala ya bure na mtu wa mtaani, jua kwamba madeni ya wateja wako unayakabidhi kwa kitu usichojua kimechezewa na nani.

Na Excel? Kama una orodha moja tu, baki nayo. Mistari yake 1,048,576 duka la shangazi halitaimaliza. Sisi tulishindwa na sifuri: namba ya simu inayoanza na 0754 inageuka 754, na ukituma meseji ya kudai deni haifiki. Kwenye kanzidata tulifanya safu ya simu kuwa ya maandishi, TEXT, kisha tukarudisha sifuri zote kwa amri moja:

UPDATE wateja SET simu = '0' || simu WHERE length(simu) = 9;

Majina ndiyo yalitutoa jasho. "Mama Neema", "mama neema" na "M/Neema" alikuwa mtu mmoja mwenye madeni matatu, na hakuna programu ingeyajua hayo. Tulikaa na shangazi jioni mbili tukiwaunganisha mmoja mmoja. Tenga muda mwingi zaidi wa kazi hiyo kuliko wa kulinganisha programu.

Nakala ya akiba ni rahisi: funga programu, nakili lile faili kwenye flashi, lipe jina lenye tarehe. Flashi ilale nyumbani, isilale dukani.

Juzi amefungua stoo ya pili na anataka kompyuta mbili ziandike pamoja. Usiweke faili la SQLite kwenye folda ya mtandao ili mashine mbili zilifungue. Hata waliolitengeneza wanatahadharisha, kwa kuwa kufuli la faili, lile linalozuia mashine mbili zisiandike kwa wakati mmoja, mara nyingi haliaminiki kwenye mtandao. Hapo sasa seva ina maana, na nimechagua PostgreSQL. Shangazi nimemwambia sharti langu ni moja: UPS inunuliwe kwanza. Bado anauliza bei.