Mshumaa wa Nyerere na kiango cha Mathayo

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma fasihi, mwaka wa pili. Tulipewa kazi ya kuchambua mbinu za kibalagha, yaani za ufundi wa kusema kwa mvuto, katika hotuba moja ya kihistoria na andiko moja la dini. Nikaorodhesha zote: takriri (marudio ya maneno) saba, sitiari (kufananisha bila "kama") nne, tashbihi (kufananisha kwa "kama") mbili, kila moja na mfano wake. Karatasi ikarudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Kwa hiyo?" Nimekosea wapi? Halafu, kusema kweli, mkono ulikuwa mzito kuandika "takriri" kando ya aya ya Mungu. Je, si kukosa adabu?

JIBU: Marahaba. Kuzitambua umezitambua, ila umeishia mlangoni. Ukishaipata tamathali, ing'oe. Andika wazo lilelile kwa maneno makavu, kisha soma yote mawili kwa sauti na usikilize kilichopungua. Hicho kilichopungua ndicho cha kuandika.

Tujaribu kwa hotuba ya Julius Nyerere ya Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Wengi tunaijua kwa mwenge juu ya Kilimanjaro, unaomulika hadi nje ya mipaka. Siku ile alizungumza Kiingereza, na alichosema angependa kukiwasha ni mshumaa. Sasa ng'oa sitiari: "Tunataka uhuru wetu uwafae na majirani." Wazo lipo, lakini kimya kimeingia. Kimepotea nini?

Fungua Mathayo 5:15: "Wala watu hawawashi taa na kuiweka chini ya pishi, bali juu ya kiango, nayo yawaangaza wote waliomo nyumbani." Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 inaiita taa hiyo mshumaa. Nyerere alikuwa Mkatoliki, na vitendo vyake ni vilevile viwili: kuwasha, kuweka juu. Ila kiango, kile kinara cha kuwekea taa, kimekuwa mlima, na waliomo nyumbani wamekuwa watu wa nje ya mipaka. Wakati ule Tanganyika yenyewe haijapata uhuru, na nchi zote zilizopakana nayo zilikuwa bado zinatawaliwa. Msikilizaji anayeijua Injili anasikia hoja ambayo haikutamkwa: mwanga haufichwi, hata ukiwa mdogo. Udogo huo naupenda sana, na ndio unaofifia Kiswahili kinaposema mwenge. Mwenge ni moto mkubwa tangu mwanzo. Mshumaa unahitaji mlima.

Lakini Kiswahili nacho kimeleta chake. Sikiliza: "ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo mahali palipo na chuki, heshima palipojaa dharau." Usiandike "usambamba", yaani miundo inayofanana kufuatana, ukapita. Tazama mahali panavyotajwa: pale ambapo, mahali palipo, palipojaa. Maneno yanafupika huku ubaya ukiongezeka: kwanza kitu hakuna, kisha chuki ipo, kisha dharau imejaa. Na kitenzi "ulete" kimetajwa mara moja tu, kikabeba vyote vitatu. Sentensi hiyo nimeisoma miaka mingi, na bado neno "palipojaa" hunisimamisha.

Takriri nayo usiihesabu tu. Katika Sura Ar-Rahman, yenye aya 78, swali "Basi ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha?" linarudi mara 31. Angalia kila mara limetanguliwa na nini. Linakuja baada ya matunda na nafaka, baada ya lulu na marijani. Linakuja pia baada ya kuambiwa kwamba kila kilicho juu ya ardhi kitatoweka, na baada ya kutajwa Jahannamu. Swali ni lilelile, lakini anayeulizwa hayuko tena pale alipokuwa. Tena Kiarabu hapo kinasema na wawili, ambao wafasiri wanaeleza kuwa ni watu na majini. "Wenu" yetu haiwezi kuonyesha hilo, kwa hiyo lieleze.

Kuhusu adabu, mkono wako na uwe mwepesi. Augustino alifundisha balagha kabla ya kuwa askofu wa Hippo, na baadaye akauchambua waziwazi ufasaha wa Paulo. Mfano wake mmoja ni Warumi 5, ambapo dhiki huleta saburi, saburi uthabiti wa moyo, uthabiti tumaini: kila neno linaloishia hatua moja ndilo linaloanzisha hatua inayofuata. Katika karne ya 11, Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanazuoni wa lugha ya Kiarabu, alitetea kwamba muujiza wa Qurani uko katika mpangilio wa maneno yake, akachambua mpangilio huo kwa makini makubwa. Watu hawa walichunguza kwa sababu waliamini kila neno limewekwa mahali pake.

Irudie kazi yako kwa mbinu mbili tu, moja ya hotuba na moja ya andiko, ukurasa mzima kwa kila moja. Zile nyingine kumi na moja ziache.