Maswali na majibu: Kabala, bakuli za Babeli na nguvu ya jina

Wiki iliyopita niligusia kwa mistari michache elimu ya siri ya Wayahudi, nikaitaja Kabala. Maswali yaliyokuja yamezidi nafasi niliyonayo, kwa hiyo nimechukua yale yaliyoulizwa na wengi.

Ndugu mwandishi, Kabala ni dini nyingine au ni uchawi wa Kiyahudi?

Si dini nyingine. Ni elimu ya ndani ya dini ileile, kama usufi ulivyo ndani ya Uislamu. Mkabala hushika Sabato, husali sala zilezile na hufuata miiko ileile ya chakula. Anachotafuta zaidi ni kujua kinachotendeka mbinguni pale anapofanya hayo.

Neno lenyewe lina undugu na la kwetu. Kabala kwa Kiebrania ni "kilichopokewa", na shina lake ndilo hilohilo tulilolipata kupitia Kiarabu katika "kubali". Wakabala hufundisha kwamba Mungu katika dhati yake ni Ein Sof, Asiye na Mwisho, ambaye fikra haimfikii, na kwamba anajidhihirisha kwa sefira 10, yaani ngazi au sifa za kimungu. Ya pili huitwa Hokhma, na msikiaji wa Kiswahili ataisikia mara moja "hekima". Ya mwisho ni Malkhut, ufalme, ambayo pia huitwa Shekhina: uwepo wa Mungu unaokaa pamoja na watu, hata wakiwa uhamishoni. Shina la Shekhina ndilo lililotupa sisi "maskani". Kuhusu uchawi, subiri swali la tano.

Nimesikia kitabu cha Zohar kiliandikwa na rabi wa karne ya 2. Wengine wanasema kilighushiwa. Ukweli ni upi?

Hapa nitakaa kidogo.

Zohar, yaani "mng'ao", husimulia mazungumzo ya Rabi Shimon bar Yohai na wanafunzi wake. Huyu ndiye ambaye Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, inasema alijificha pangoni na mwanawe miaka 13 akiwakimbia Warumi. Lakini kitabu kilianza kuonekana huko Kastilia, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, tena vipande vipande, kwa Kiaramu, lugha ya kale iliyo ndugu wa Kiebrania. Aliyekuwa akivitoa ni Moshe de León, akisema anavinakili kutoka kitabu cha kale.

Mwaka 1305 alifika Hispania Isaka wa Acre, mkimbizi kutoka Palestina ambaye mji wake ulikuwa umeanguka mwaka 1291. Alitaka kukiona kitabu chenyewe. Alikutana na Moshe mjini Valladolid, na Moshe akamwapia kwamba kiko nyumbani kwake Ávila, aje akione kwa macho yake. Wakaagana. Moshe alikuwa njiani kurudi kwake alipougua, akafia Arévalo.

Isaka alipofika Ávila aliambiwa kisa cha kusikitisha. Tajiri mmoja wa mji alikuwa ameahidi kumwoza mwanawe binti wa marehemu, naye mjane apewe mahitaji yake yote, ili mradi akitoe kitabu kile cha kale. Mjane, aliyeachwa hana kitu, akaapa kwamba kitabu hicho hakikuwahi kuwapo. Mumewe aliandika kutoka kichwani mwake. Yeye mwenyewe alipomuuliza mbona hasemi kuwa ni maneno yake, mumewe alimjibu kwamba watu wakijua hivyo hawatayajali wala hawatayalipia.

Habari hii imetufikia kwa mkono wa pili, na wanaoamini ukale wa Zohar wanaipinga hadi leo. Gershom Scholem, mwanazuoni mkubwa wa fani hii pale Yerusalemu, alianza kwa kujaribu kuutetea ukale huo. Baada ya kuchambua lugha ya kitabu kwa miaka akageuka: Kiaramu chake ni cha mtu aliyejifunza vitabuni, na nyuma yake kinasikika Kiebrania cha karne za kati. Wanazuoni waliomfuata wanaona zaidi kazi ya kundi zima la Wakabala wa Kastilia, Moshe akiwa mmoja wao. Mimi siwezi kukiita kitabu hiki "ghushi" nikanyamaza. Kimesomwa kwa machozi usiku wa manane kwa zaidi ya miaka 700, kuanzia Morocco hadi Yemen na Poland. Ila yule mama wa Ávila simsahau. Uongo mmoja tu ungemtoa kwenye dhiki, akakataa kuusema.

Kwa nini Wakabala husema dunia ilivunjika?

Hayo ni mafundisho ya Isaka Luria, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akakulia Misri, akahamia Safed katika Galilaya mwaka 1570. Alifundisha huko miaka miwili tu, tauni ikamwondoa akiwa na miaka 38. Yeye hakuandika karibu chochote. Tunayoyajua mengi yanatoka kwa mwanafunzi wake Haim Vital.

Luria aliuliza: ikiwa Mungu amejaa kila mahali, dunia ilipata wapi nafasi? Akajibu kwamba Mungu alijikunja, akajirudisha ndani yake, ndipo pakawa na uwazi. Kisha nuru ikamiminwa katika vyombo, vyombo vikashindwa kuihimili, vikapasuka. Cheche zikaanguka na kunaswa ndani ya maganda, na humo ndimo uovu unamopata uhai wake. Kazi ya mtu ni tikun, matengenezo: kila sala na kila amri inayotimizwa kwa nia safi huokota cheche moja na kuirudisha mahali pake.

Waliosikia haya wengi wao walikuwa wana na wajukuu wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Fikiria mtu ambaye babu yake alifunga mlango wa nyumba yake akaondoka na ufunguo, halafu anaambiwa kwamba hata nuru ya Mungu iko uhamishoni, na kwamba yeye ana kazi ya kuirudisha nyumbani.

Ni kweli hairuhusiwi kusoma Kabala kabla ya miaka 40?

Tahadhari ni ya zamani, umri uliandikwa baadaye. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za marabi, ilishakataza kuyafafanua maono ya gari la Ezekieli mbele ya hata mtu mmoja, isipokuwa awe na hekima ya kuelewa mwenyewe. Talmudi nayo husimulia marabi wanne walioingia "bustani": mmoja akafa, mmoja akili ikamruka, mmoja akaasi, na Rabi Akiva peke yake akatoka salama.

Marufuku ya umri ilikazwa baada ya jeraha. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi wa Izmir alitangazwa kuwa Masihi, na Nathan wa Gaza akamjengea hoja kwa lugha ya Luria. Watu waliuza mali zao wakajiandaa kurudi nchi takatifu. Septemba 1666 aliwekwa mbele ya sultani wa Uturuki, akachagua kusilimu badala ya kuuawa. Katika karne iliyofuata Jacob Frank akafufua madai yaleyale huko Poland, na mwaka 1756 marabi waliokutana Brody wakaweka mpaka: Zohar kuanzia miaka 30, maandishi ya Luria kuanzia 40. Luria mwenyewe hakuufikia umri huo.

Torati inakataza uchawi waziwazi. Mbona nasikia Wayahudi wa kale walikuwa na hirizi na makafara?

Kumbukumbu la Torati 18 inawakataza waaguzi, wachawi na waombao wafu, hilo halina ubishi. Lakini watu walikuwa na watoto wachanga waliokufa usiku na wake waliotokwa mimba, na walitafuta kinga kwa kitu walichokiamini kuliko vyote, yaani maneno matakatifu.

Niliwahi kusimama mbele ya bakuli moja katika jumba la makumbusho. Ni la udongo, la kawaida kabisa, ukubwa wa lile tunalonywea uji. Ndani yake wino mweusi unazunguka kama konokono kutoka kitako hadi ukingoni, kwa Kiaramu. Katikati amechorwa pepo, miguu imefungwa minyororo. Bakuli za namna hii zilitengenezwa Babeli, Iraq ya leo, kati ya karne ya 5 na ya 8 hivi, zikazikwa kifudifudi chini ya kizingiti na kwenye pembe za nyumba ili pepo anaswe. Nyingi zilifukuliwa Nippur mwishoni mwa karne ya 19.

Maneno yake ndiyo yanayonishika. Katika baadhi yake Lilith, pepo muuaji wa watoto, anapewa talaka! Mwandishi anamwandikia hati ya talaka kama ile ya mke na mume, kwa mamlaka ya rabi wa kale Yehoshua bar Perahia, kisha anamfukuza: talaka yako hii, ondoka nyumba hii. Anayekingwa hutajwa kwa jina lake na la mama yake, kama mwalimu wa falaki wa pwani yetu anavyokuuliza jina la mama kabla hajapiga hesabu. Kuna bakuli zenye majina ya Kiajemi pia, maana jirani asiye Myahudi naye alikuja kuandikiwa.

Lilith anatajwa mara moja tu katika Biblia, Isaya 34:14. Waliotafsiri Biblia ya Union kwa Kiswahili waliweka hapo "babewatoto".

Golem ni nini, na kweli aliumbwa Praha?

Golem ni mtu wa udongo aliyehuishwa kwa herufi. Masimulizi yanayomtia mkononi mwa Rabi Yehuda Loew wa Praha, aliyefariki mwaka 1609, hayakuandikwa ila katika karne ya 19, miaka zaidi ya 200 baada ya rabi kuzikwa. Kisa cha kale kimo katika Talmudi, nacho ni kifupi. Rava, mmoja wa marabi wa Talmudi, aliumba mtu, akamtuma kwa Rabi Zeira. Zeira akasema naye, yule hakujibu. Zeira akamwambia: umetoka kwa wenzangu, rudi mavumbini kwako.

Hirizi ya zamani kuliko zote imeandikwa nini?

Mwaka 1979 Gabriel Barkay alikuwa akifukua makaburi ya Ketef Hinnom, Yerusalemu, zikapatikana karatasi mbili za fedha zilizoviringwa mno, ndogo za kuvaliwa shingoni. Ilichukua miaka kuzikunjua bila kuzivunja. Wataalamu wengi huziweka karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, kwa hiyo zimezitangulia nakala zote za Biblia tulizonazo. Hazina majina ya kutisha wala michoro. Herufi zimekwaruzwa kwa ncha nyembamba, na humo imo baraka ya makuhani ya Hesabu 6, ile ya Bwana akubariki na kukulinda, ambayo baadhi yenu mtaisikia tena Jumapili kabla ya kutoka kanisani.